Mvua ya msimu ilitosha, ngano ilikosa maji ikiwa na mimba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi, hii haitakuwa fupi, na mkiikata katikati itakuwa kama sijasema kitu. Wiki mbili zilizopita mlitoa habari kwamba mavuno ya ngano yameshuka ingawa mvua ya msimu ilikuwa karibu na wastani, alafu mwandishi wenu akamalizia kwa kutuambia wakulima tuache mazoea na tutumie mbegu bora. Mbegu bora nilitumia. Mbolea niliweka, dawa ya kutu (ule ugonjwa wa ngano) nilipiga, magugu niliyatoa mapema. Na mvua kweli ilinyesha, sibishi, kipimo changu cha mvua kipo palepale kwenye nguzo ya uzio na daftari ninalo, ukijumlisha msimu mzima unapata namba inayopendeza kabisa. Tatizo ni kwamba katikati ya daftari kuna siku 19 zina vistari tu, na hizo siku 19 ndizo ngano yangu ilikuwa na mimba, suke limo ndani ya mmea halijatoka.

Siyo gazeti peke yake. Kampuni iliyonikatia bima ya mazao (jina siliweki, bado tunavutana) ilinijibu kwa meseji ya mistari miwili kwamba mvua ya msimu haijashuka chini ya kiwango cha kwenye mkataba kwa hiyo hakuna fidia. Nikampigia simu kijana wao, nikamwambia bwana mdogo njoo uone shamba, akaniambia mzee mfumo unasoma jumla. Sawa, mfumo unasoma jumla. Ila ngano haisomi jumla, yenyewe inakunywa leo inachopata leo, na kuna leo ambayo ikikosa inavumilia na kuna leo ambayo ikikosa basi imeisha, hata ukiileta mvua ya Nuhu wiki inayofuata.

Ngoja nieleze taratibu maana nimeona hata watu wa mjini waliosoma wanadhani ukame ni kitu kimoja, majani yanakauka, mavuno yanapungua, mwisho. Mavuno ya ngano ni vitu vitatu vinavyozidishwa. Kwanza una masuke mangapi kwenye mita moja ya mraba, pili kila suke lina punje ngapi, tatu punje moja ina uzito gani. Chukua mfano wa mahesabu tu, masuke 400, punje 30 kwa suke, kila punje miligramu 40. Zidisha utapata gramu 480 kwa mita ya mraba, ambazo ni tani 4.8 kwa hekta. Sasa kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina muda wake wa kuamuliwa, haviamuliwi siku moja, na ukame ukija unapiga kile ambacho kiko mezani siku hiyo. Kilichokwisha kuamuliwa haukigusi sana, na kile ambacho bado hakijaamuliwa kinaweza kuja kufidia. Ndiyo siri yote hiyo.

Tuanze na mwanzo, japo mwanzo ndiyo sehemu ambayo watu wanapiga kelele sana na mimi naona kelele nyingine ni za bure. Mbegu ikiwa ardhini inataka kunyonya maji kama theluthi moja ya uzito wake au zaidi ndipo iote. Ukipanda kwenye udongo mkavu ikakaa tu, mara nyingi inakusubiri. Ubaya ni mvua ya kudanganya, ile inayolowesha sentimita chache za juu, mbegu inaamka, inatoa kichipukizi, alafu jua linapiga wiki nzima. Hapo unapata shamba lenye mapengo na unarudia kupanda. Inauma mfukoni lakini angalau unaiona mapema na una muda wa kufanya kitu.

Baada ya kuota kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, hata mimi nimelijua uzeeni. Ngano ina mizizi ya aina mbili. Ile ya kwanza inatoka kwenye mbegu yenyewe. Ya pili inatoka juu kidogo, kwenye kitako cha mmea karibu kabisa na uso wa udongo, na inaanza kama wiki tatu baada ya kupanda. Hiyo mizizi ya pili inahitaji udongo wa juu uwe na unyevu siku hizo, ukiwa vumbi kinatoka kincha kifupi kinachogonga udongo mkavu na kusimama. Ndiyo sababu India, ambako ngano nyingi inamwagiliwa, miaka yote wanawafundisha wakulima kwamba maji ya kwanza yawekwe siku ya 20 hadi 25 baada ya kupanda, na kwamba mwenye uwezo wa kumwagilia mara moja tu basi hiyo mara moja aiweke hapo. Mmea uliokosa mizizi ya kitako unaishi, lakini ni kama mtu anayekula kwa mkono mmoja, na kuchipua matawi nako kunadorora.

Matawi sasa. Ngano moja ikipata nafasi na chakula inatoa machipukizi manne, matano, wakati mwingine zaidi, na kila chipukizi lina ndoto ya kuwa na suke lake. Ukame ukija hapa mmea unapunguza watoto. Yale machipukizi madogo ya mwisho yananyauka, yanakuwa ya njano, yanakufa, na ukipita shambani unaona huruma kweli. Ila hapa ndipo nasema tusilie haraka. Mengi ya hayo yangekufa hata bila ukame, ni kawaida ya ngano kuzaa machipukizi kuliko inavyoweza kulea. Mvua ikirudi, yale yaliyobaki yanapata nafasi, mwanga, mbolea, yanajaza punje nyingi zaidi kwa suke na punje zenyewe zinakuwa nzito. Rudi kwenye ule mfano wangu, masuke yashuke kutoka 400 hadi 300, lakini kila suke libebe punje 34 zenye miligramu 42, bado unapata kama tani 4.3. Umepoteza nusu tani hivi, siyo balaa. Kiu kidogo ya mapema hata ina faida zake, mmea hauoti majani mengi ya kunyonya maji bure.

Wakati huohuo, na hii haionekani kwa macho mpaka upasue shina kwa wembe na uwe na lensi, suke lenyewe linakuwa limeshaanza kutengenezwa. Ngano bado inaonekana kama majani tu ya kulishia ng'ombe, lakini kule chini kwenye kitako kuna kitu cha milimita chache kinapanga visuke vidogo kushoto na kulia kama ngazi. Shina linapoanza kurefuka na kupata kifundo cha kwanza, idadi ya visuke inakuwa imeshafungwa. Havitaongezeka tena. Kila kisuke kinaanzisha viua, yaani maua madogo, sita, nane, hata kumi, ila vitakavyokuja kuwa punje ni viwili, vitatu, labda vinne. Vingine vinakufa njiani kwa njaa, maana shina linarefuka kwa kasi na suke nalo linakua, vyote vinagombania sukari ileile moja. Sasa leta ukame hapo katikati ya ugomvi. Majani yanajikunja kama sigara ili yasipoteze maji, vile vitundu vya kupumulia vinafungwa, na vikifungwa hewa ya ukaa haiingii, sukari haitengenezwi, na wa kwanza kunyimwa ni viua. Watafiti wa ngano wanataja kipindi cha kama siku 20 mpaka 30 kabla ya kuchanua na siku kumi hivi baada yake kuwa ndicho kinachoamua idadi ya punje. Mwezi mmoja na kidogo, Mhariri. Msimu wa miezi minne mitano au zaidi unaamuliwa na mwezi mmoja na kidogo.

Na ndani ya huo mwezi kuna siku chache ambazo ni mbaya kuliko zote. Naomba nikae hapa maana hapa ndipo niliposhikwa.

Ngano ikishika mimba, yaani suke limevimba ndani ya ala ya jani la mwisho lakini halijatoka, kuna siku ambazo chavua, ule unga wa dume wa ua, inaumbwa. Vifuko vya chavua vipo tayari, na ndani yake chembe zinagawanyika ili ziwe chavua changa. Ni wiki moja mbili hivi kabla ya ua kufunguka. Ukame ukipita siku hizo, hata wa siku chache tu, chavua inakuwa tasa. Mwaka 1981 watafiti wawili, Saini na Aspinall, walionyesha kitu ambacho mpaka leo kikinijia kichwani natikisa kichwa, kwamba kiu ya siku hizo inaharibu upande wa dume tu, upande wa jike unabaki mzima kabisa. Ukiletea hiyo ngano chavua kutoka mmea mwingine wenye afya inazaa. Yaani nyumba ipo, mama yupo, baba ndiye hana kitu.

Na siyo kwamba chavua inakauka kama unavyodhani. Suke likiwa bado ndani ya ala limekingwa vizuri, majani yanaweza kunyong'onyea huku lenyewe likiwa na maji yake. Kinachotokea ni cha ajabu zaidi, sukari inafika kwenye vifuko vya chavua lakini kimeng'enya kinachotakiwa kuivunja ili itumike kinakuwa kimeshuka, kwa hiyo chavua haijazi wanga. Na chavua isiyo na wanga haina nguvu ya kuota. Mvua ikirudi kimeng'enya hakirudi kuokoa zile zilizoharibika. Majani yanafunguka, yanakuwa ya kijani, shamba linapendeza, majirani wanakupongeza, na wewe mwenyewe unajipongeza. Mimi nilijipongeza. Mvua ya siku ya 20 ilinyesha milimita 31 nikaenda kulala nikiwa na furaha kama mjinga.

Masuke yakatoka, marefu, yamesimama. Wiki mbili baadaye nikapita na mjukuu wangu, yule anapenda kuchuma chuma vitu, akachuma suke akalifikicha kiganjani akasema babu hili halina kitu. Nikamwambia hujui kufikicha. Nikachuma langu. Kisuke cha chini punje moja, kinachofuata hakuna, cha katikati moja upande mmoja tu, cha juu hakuna. Nikainua lingine juu kuelekea jua, ukiliangalia hivyo suke zuri linaziba mwanga, hili lilikuwa linapitisha mwanga kama chandarua. Nikakaa chini kwenye mfereji nikahesabu masuke 20 mfululizo bila kuchagua, kwa wastani nikapata punje 17. Msimu uliotangulia mbegu hiyohiyo, shamba hilohilo, nilikuwa napata 30 na ushee.

Rudi kwenye mfano wa mahesabu. Masuke 400 yaleyale, punje zishuke hadi 18, na hata zile zilizobaki zikinenepa mpaka miligramu 44 kwa sababu zimeachiwa chakula, unapata kama tani 3.2 kutoka 4.8. Unaona? Punje iliyobaki haiwezi kunenepa bila kikomo, ganda lake lina mwisho. Kwenye machipukizi ngano ina njia mbili za kufidia, kwenye mimba imebaki na moja tu tena nyembamba.

Kuchanua kwenyewe hakuna mengi ya kusema zaidi ya kwamba kunaenda haraka. Ua la ngano linajichavusha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka vizuri, linaanza katikati ya suke likipanda na kushuka, siku tatu hadi tano suke zima limemaliza. Vile vifuko vya njano unavyoviona vinaning'inia nje ni kazi imeshakwisha. Ukame hapa mara nyingi haupigi peke yake, unakuja na joto, maana mmea uliofunga vitundu vyake haujipoozi kwa jasho na jani linakuwa la moto kuliko hewa. Joto likipita nyuzi 30 siku hizo, utasa unaongezeka juu ya ule wa ukame. Watu wanauliza kilichoua ni jua au kiu, mimi naona ni kama kuuliza kilichokupiga ni ngumi au mkono.

Alafu kujaza punje. Hapa ndipo wale wa kombaini na wanunuzi wanapoanza kushtuka, kwa sababu huu ndio ukame unaoonekana kwenye gunia. Wiki mbili za kwanza baada ya kuchanua punje inahesabu vyumba vyake vya ndani vya kuwekea wanga, ukame hapo unapunguza vyumba na punje itabaki ndogo hata ikipata kila kitu baadaye. Baada ya hapo ni kujaza tu, maziwa, kisha ujiuji, kisha donge unaloweza kulichora kwa kucha. Ukame wa kipindi hiki unafanya majani yazeeke kabla ya siku zake, la mwisho la juu nalo linaenda, na siku za kujaza zinapungua. Mmea unajitetea kwa kuvuta akiba. Shina la ngano siyo bomba tupu kama linavyoonekana, kabla na muda mfupi baada ya kuchanua linakuwa limehifadhi sukari nyingi, na majani yakishindwa shina linaanza kujikamua kupeleka juu. Msimu mzuri mchango wa akiba hiyo ni mdogo, msimu wa ukame wa mwisho unaweza kuwa ndio unaobeba mzigo. Ila angalia hila yake, kama ukame ulianza mapema shina lilikuwa halina cha kuweka akiba, kwa hiyo mmea uliopigwa mara mbili hauna pa kukimbilia.

Punje ya ukame wa mwisho unaijua ukiimwaga kiganjani. Imekunjamana, ina mfereji wa katikati uliozama, ni nyepesi, ukipuliza inaruka. Punje elfu moja nzuri zina gramu 40 hivi au zaidi, hizi zinaweza kushuka chini ya 30. Kwenye ule mfano, punje zikibaki 30 kwa suke lakini zikashuka hadi miligramu 28 unapata tani 3.4 hivi. Karibu sawa na hasara ya mimba, lakini sura tofauti kabisa, na hapa ndipo mwandishi wenu angeweza kujua bila kupima chochote. Ukame wa mimba unakupa punje chache lakini nene na nzuri. Ukame wa mwisho unakupa punje nyingi kondefu. Na kichekesho ni kwamba hizo kondefu asilimia ya protini inakuwa juu, siyo kwa sababu ni bora, ni kwa sababu wanga ndio uliokosekana, protini ilishaingia mapema. Mimi punje zangu zilikuwa nene, mnunuzi alizisifia, akaniuliza mbona chache.

Nisije nikaonekana natoa maneno ya kijiweni, hizi hesabu zipo miaka mingi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye chapisho lao la umwagiliaji namba 33 la mwaka 1979 waliweka namba za kila zao kuonyesha mavuno yanaitikiaje upungufu wa maji kwa kila kipindi. Ngano ya majira ya baridi waliipa 0.2 kwa kipindi cha majani, 0.6 kwa kuchanua, na 0.5 kwa kujaza punje. Maana yake, mmea ukikosa nusu ya maji unayohitaji wakati wa majani unapoteza kama asilimia 10 ya mavuno, ukikosa nusu hiyohiyo wakati wa kuchanua unapoteza asilimia 30, na wakati wa kujaza asilimia 25. Kiu ileile, hasara mara tatu. Ni namba za jumla, hazijui udongo wako wala mbegu yako, lakini ziliandikwa kabla huyo kijana wa bima hajazaliwa na bado mfumo unasoma jumla!

Kuna nyingine inayonipendeza zaidi. Mwaka 1984 watafiti French na Schultz kule Australia Kusini walichora mstari wa juu kabisa wa mavuno dhidi ya maji, wakapata kwamba ngano iliyotunzwa vizuri sana inatoa kilo 20 kwa hekta kwa kila milimita ya maji inayotumiwa na mmea. Wakulima wengi walijipima kwa huo mstari miaka na miaka. Alafu mwaka 2007 kikundi cha mtafiti Kirkegaard, Australia hukohuko, wakapima maji ya chini kabisa, zaidi ya mita moja na theluthi kwenda chini, yale ambayo mizizi inayafikia baada ya kuchanua tu. Milimita 10.5 za ziada kutoka huko ziliongeza tani 0.62 kwa hekta. Gawanya utapata kilo 59 kwa milimita. Karibu mara tatu ya ule mstari, kwa sababu maji yale yalifika siku ambayo kila tone lilikuwa linageuzwa moja kwa moja kuwa punje, hakuna lililoenda kwenye majani. Milimita siyo milimita, kama vile maji ya kunywa jangwani na maji ya kuoshea gari siyo maji yaleyale.

Hii inanipeleka kwenye kosa ambalo tunalifanya wenyewe, hapa siwatetei wakulima. Mtu anaona mvua za mwanzo nzuri, anamwaga mbolea ya naitrojeni yote mapema, ngano inafura, majani kama bustani, kila mtu anapita anapiga picha. Yale majani yote ni midomo. Yanakunywa maji yote ya chini mapema na shina linatumia sukari kujijenga badala ya kuweka akiba, ikifika kujaza punje ghala la chini ni tupu na mvua imekatika. Shamba la kijani kuliko yote linatoa punje kondefu kuliko zote. Nimeliona kwa jirani yangu na nimeliona kwangu pia, mwaka ambao nilidhani najua sana. Bora kugawa, kidogo mwanzoni, nyingine ukiona mvua inakuja kweli wakati shina linarefuka.

Na kwa wale wenye maji kidogo ya kumwagilia, bwawa au pampu inayotosha mara moja au mbili tu, tafadhali msimwagilie kwa kuangalia majani. Majani yaliyojikunja mchana wa machipukizi yanatisha lakini yanasamehe. Baada ya ile ya wiki ya tatu kwa ajili ya mizizi, itunze inayofuata mpaka mmea uanze kuvimba. Unajuaje? Pasua shina kubwa la katikati kwa kucha ya dole gumba kuanzia juu kwenda chini, tafuta suke ndani. Likiwa refu kama pingili mbili za kidole na bado ni laini jeupe la kijanikijani, usingoje wikiendi. Ukumbuke pia kwamba shina kuu liko mbele na machipukizi yako nyuma siku kadhaa, kwa hiyo ukame wa siku tano hauwezi kuyakuta yote kwenye mlango mmoja, na ndiyo maana hata mimi niliambulia zile 17. Kwa sababu hiyohiyo kupanda shamba lote siku moja kwa mbegu moja ni kamari. Gawa, nusu mbegu inayowahi nusu inayochelewa, au achanisha siku kumi na tano. Afadhali hasara kidogo ya uhakika kuliko kubahatisha yote. Sehemu zenye baridi kali kupanda mapema nako kuna hatari yake, barafu inakutana na maua, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu tarehe.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkiandika habari za ngano msiandike jumla ya msimu peke yake. Andikeni mvua kwa kila siku kumi, na pembeni yake muandike ngano ilikuwa hatua gani. Hata namba zipo tayari, tangu 1974 kuna kipimo cha Zadoks cha kuanzia 0 mpaka 99, arobaini na kitu ni mimba, hamsini na kitu masuke yanatoka, sitini kuchanua, sabini maziwa, themanini donge, kila bwana shamba anakijua au anatakiwa kukijua. Habari inayosema siku 19 bila mvua ngano ikiwa 39 mpaka 50, hiyo mkulima yeyote akiisoma asubuhi anajua kilichotokea kabla hajamaliza sentensi. Na hao wa bima zipo bima zinazogawa msimu vipande na kulipa kwa kila kipande, kwa hiyo wasituambie haiwezekani. Mwandishi wenu angewauliza hilo swali badala ya kutuuliza sisi kwa nini hatubadiliki.

Nimeacha bahasha ya kaki mapokezi kwenu, ndani kuna masuke mawili. La uzi mwekundu ni la shamba la chini, nililopanda nyuma kwa siku 16 kwa sababu trekta liliharibika, siku zile 19 zilipoanza lilikuwa bado linachipua. Lisilo na uzi ni la shamba la juu. Mbegu moja, mfuko mmoja, mvua moja. Mpeni mwandishi wenu ayainue yote mawili dirishani, asifikiche kwanza, aangalie lipi linapitisha mwanga.

Wenu,
Mkulima wa ngano, mashamba mawili